Culbertson: Mfalme wa karata aliyeifundisha dunia kumuuliza mwenzake

NI usiku wa Desemba 7, 1931, jijini New York, Marekani. Kwenye Hoteli ya Chatham waandishi wa habari wamejazana kama wanasubiri fainali ya Kombe la Dunia. Waya za simu zimevutwa hadi hotelini ili kila kinachotokea kifike nchi nzima usiku huohuo. Wenye bahati wanachungulia kwenye upenyo wa kizuizi, wanatazama kidogo, wanapisha wengine.

Hakuna mpira humo ndani. Hakuna ngumi. Kuna meza moja, watu wanne na karata 52.

Upande mmoja wamekaa mtu na mkewe, Ely na Josephine Culbertson. Upande wa pili yupo mkongwe Sidney Lenz, miaka 58, na kijana Oswald Jacoby, ambaye kesho yake anatimiza 29. Mchezo ni briji. Zitachezwa raba 150, na itachukua zaidi ya mwezi mzima. Magazeti yamelibatiza pambano la karne na kuliweka ukurasa wa kwanza.

Culbertson ameweka dola 5,000 dhidi ya dola 1,000 za Lenz, pesa ziende kwa wenye shida. Lakini kila mtu anajua pesa siyo ishu. Ishu ni nani ataiambia Marekani jinsi ya kucheza briji. Atakayeshinda atauza vitabu, ataandika magazetini na walimu wote watafundisha mfumo wake. Atakayeshindwa atasahaulika.

Huyo Culbertson ni nani hasa, mpaka karata zikawa habari kubwa kuliko riadha na ndondi?

MTOTO WA MAFUTA NA FARASI

Ely Culbertson alizaliwa Romania mwaka 1891. Baba yake, Almon, alikuwa Mmarekani, injinia aliyekwenda huko kutafuta mafuta. Mama yake, Xenia, alikuwa binti wa jenerali wa Wakosaki, wale wapanda farasi maarufu wa Urusi. Ely akakulia kwenye milima ya Caucasus, nyumbani kuna pesa, lugha kadhaa zinazungumzwa mezani.

Shule alizipitia nyingi na hakukaa sana kokote. Alifika Yale, akafika Cornell, akapita vyuo vya Paris na Geneva. Kwa maelezo yake mwenyewe, ujana wake ulikuwa wa kujiingiza kwenye harakati za mapinduzi huku na kule, kulala rumande na kutoroka. Jamaa alipenda kujisimulia, na aliyemsikiliza ilibidi apunguze kidogo.

Lakini jambo moja halikuwa chumvi. Mwaka 1917 mapinduzi ya Urusi yakaifagia mali ya familia. Mtoto wa tajiri akabaki na suti, lugha zake na kichwa chenye hesabu. Akaanza kuishi kwa karata. Alicheza Paris, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akavuka kwenda New York kutafuta meza zenye pesa zaidi.

Huko ndiko alikokutana na Josephine Dillon, ambaye wengi walimwita Jo. Alikuwa mjane kijana, mwalimu wa briji, na mezani alikuwa mtulivu kama kipa mkongwe. Enzi hizo wanaume wengi waliamini mwanamke hawezi kusimama nao kwenye briji ya juu. Jo aliwatuliza kwa karata, hakupiga kelele. Walifunga ndoa mwaka 1923. Wengi waliowaona wakicheza walimpa Jo alama za utulivu na Ely alama za mbinu.

MNADA KWANZA, KARATA BAADAYE

Shabiki wa soka anaweza kujiuliza haya yanamhusu nini. Aliyewahi kukaa kijiweni akacheza karata za turufu, nusu ya briji tayari anaijua.

Wachezaji ni wanne, wawili wawili, kila mmoja anatazamana na mwenzake. Kila mtu anapewa karata 13. Zinatupwa karata nne nne, mwenye kubwa anakula, na turufu inakula zote. Kila raundi ya karata nne tuite pigo. Mapigo ni 13 kwa jumla.

Tofauti kubwa ni hii: kabla ya kutupa karata hata moja, kuna mnada. Kila mtu kwa zamu yake anaweka dau, anadabo, au anapita. Anayeweka dau anasema upande wake utakula mapigo mangapi na turufu itakuwa ipi. Dau la moja maana yake mapigo saba, dau la mbili manane, na kuendelea. Pau ndiyo ya chini, inafuata uru, halafu kopa, halafu shupaza. Juu yao kuna dau la bila turufu. Dau la mwisho ndilo mkataba. Ukiutimiza unapata pointi. Ukiukosa, wapinzani ndio wanakula pointi.

Na hapa ndipo penye utamu. Huruhusiwi kumwonyesha mwenzako karata zako. Huruhusiwi kumkonyeza wala kukohoa. Unachoruhusiwa ni hayo maneno machache ya mnada tu. Watu wawili wenye karata 26 kati yao lazima waelewane kwa maneno hayo machache.

Mchezo huu kwa sura yake ya sasa ulikuwa mpya kabisa. Mwaka 1925 tajiri Harold Vanderbilt, akiwa kwenye meli iliyopita mfereji wa Panama, alipanga namna mpya ya kuhesabu pointi, na ndipo briji ya mkataba ikazaliwa. Ikaenea kama moto. Tatizo likawa moja: hakuna aliyejua mnada wake uendeshwe vipi. Kila klabu ilikuwa na lugha yake.

Culbertson aliliona goli liko wazi. Akaamua kuandika lugha moja ya mnada kwa dunia nzima. Oktoba 1929 akaanzisha jarida la The Bridge World. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake kikubwa kilichoitwa Blue Book, na kikauzwa kama maandazi ya asubuhi.

DAU AU DABO?

Ili kumwelewa Culbertson, chukua swali moja ambalo kila mchezaji wa briji hukutana nalo karibu kila usiku. Hata leo watu hukosana kwa ajili yake.

Mpinzani wa kulia kwako amefungua mnada kwa kopa moja. Sasa ni zamu yako na una karata nzuri. Ukipita umewaachia wapinzani njia nyeupe. Ukiingia, una milango miwili. Wa kwanza ni kupanda dau juu ya lake, yaani kutaja aina yako mwenyewe. Wa pili ni kusema dabo.

Zamani dabo ilikuwa na maana moja tu: nasema hamtafika, adhabu iwe mara mbili. Ilikuwa dabo ya penalti. Lakini kuanzia karibu mwaka 1912, wachezaji wawili wa Marekani, Charles Patton wa New York na Bryant McCampbell wa St. Louis, kila mmoja kwa njia yake, waliona kitu. Mpinzani akiwa bado chini kwenye dau la moja, ni nadra sana kutaka kumwadhibu. Basi neno hilo linakaa bure. Wakaligeuza likawa swali kwa mwenzako: mimi nina nguvu, aina yao sina, wewe una nini?

Hiyo ndiyo dabo ya kuuliza. Culbertson hakuibuni, ila aliipa nafasi yake kwenye mfumo, na vitabu vyake vikaipeleka kwa watu wengi.

Tazama mkono wa kwanza. Una shupaza nne zenye mfalme na malkia. Kopa unayo moja tu, kapuku. Uru ni nne zikiongozwa na ree. Pau ni nne zenye mfalme na ghulamu. Hapo huna aina ya kujivunia, lakini aina zote tatu zilizobaki unaziweza. Ukitaja shupaza, umebahatisha. Mwenzako huenda ana uru tano na shupaza mbili za kusindikiza. Sema dabo. Yeye ndiye anayejua lilipo goli, mwache achague.

Mkono wa pili. Una shupaza tano: ree, malkia, ghulamu, tisa na tano. Kopa mbili ndogo, uru tatu zenye mfalme, pau tatu za hovyo. Hapa ukisema dabo umeharibu. Mwenzako atataja pau, na wewe pau huna kitu. Aina yako unayo, na ni nzuri. Itaje. Panda dau, shupaza moja. Hata mkataba ukienda kwa wapinzani, umeshamwambia mwenzako karata ya kuanza nayo.

Mkono wa tatu ndio unaogawa watu. Shupaza tano zenye ree na ghulamu. Kopa moja. Uru nne zenye mfalme na malkia. Pau tatu zenye ree. Dabo inawezekana, dau linawezekana. Wengi huishia kwenye dabo kwa sababu mkono ni mzuri na kila kitu kipo. Lakini ukiuliza, mwenzako mwenye pau nne na shupaza tatu atakutajia pau, na zile shupaza zenu nane zitabaki zimelala. Shupaza tano nzuri ni habari, na habari inasemwa mapema. Panda dau. Ila mkono ukiwa na nguvu kupita kiasi, dabo kwanza, kisha raundi inayofuata taja aina yako. Hapo mwenzako anaelewa kuwa hilo si dau la kawaida.

Kuna tofauti nyingine, na ndiyo kubwa. Ukipanda dau, mwenzako ana ruhusa ya kunyamaza. Ukisema dabo ya kuuliza, hana. Hata kama hana karata yoyote ya maana, lazima ataje kitu. Akikaa kimya kwa uvivu au kwa woga, dabo inageuka kuwa ya penalti na wapinzani wanaweza kuutimiza mkataba wao kwa pointi za mara mbili. Kwa hiyo anayeuliza anajiweka mikononi mwa mwenzake kabisa. Ndiyo maana dabo si ya mtu asiyemwamini anayekaa mbele yake.

Na dau nalo Culbertson alilifunga breki. Alikuwa na kanuni ya mbili na tatu. Hesabu mapigo ambayo una uhakika nayo. Kama upande wenu bado haujashinda mchezo hata mmoja kwenye raba, unaweza kupanda mpaka mapigo matatu zaidi ya hayo. Kama mmeshashinda mmoja, adhabu zenu zinakuwa kali, mko kama beki mwenye kadi ya njano. Hapo usizidishe zaidi ya mawili. Hasara ipo, lakini iwe ya kubebeka.

RISASI KANSAS CITY

Culbertson alijua pia kuuza jina. Septemba 29, 1929, jijini Kansas City, wanandoa wawili walikuwa wakicheza briji na majirani zao. Kwa mnada uliosimuliwa baadaye, John Bennett alifungua shupaza moja, mpinzani akapanda dau la uru mbili, na Myrtle Bennett akaruka hadi shupaza nne kumuunga mkono mumewe. John akaukosa mkataba. Wakatupiana maneno, John akampiga kibao mkewe. Myrtle akaenda kuchukua bastola na kumuua. Mwaka 1931 mahakama ilimwachia huru.

Marekani nzima ilizungumzia mkono ule. Culbertson akauchambua kama mchambuzi wa soka anavyorudia penalti ya utata: mnada ulikuwa sahihi au siyo, mkataba ungetimizwa au la. Wengine waliona ni kujinufaisha na msiba wa watu, na walikuwa na hoja. Lakini somo alilolitoa liliwaingia wengi: mume na mke wakiwa na lugha moja ya mnada, nyumba inapona. Na wasio na lugha hiyo wanunue kitabu.

Yeye na Jo ndio walikuwa tangazo. Mke na mume, pande mbili za meza, wanaelewana.

LONDON WAPIGWA

Mwaka 1930 ukaja mtihani wa kwanza wa kimataifa. Uingereza kulikuwa na ofisa wa jeshi, Luteni Kanali Walter Buller, ambaye hakutaka kusikia habari za mifumo. Kwake mchezaji anasema alichonacho, basi. Mambo ya maneno yenye maana ya ndani aliyaona ni janjajanja za Wamarekani. Alijigamba kuwa timu yake ingewafunga bila taabu.

Culbertson akavuka bahari na kikosi cha watu wanne: yeye, Jo, Theodore Lightner na Waldemar von Zedtwitz. Walicheza London kwenye klabu ya Almack's, mikono 200. Wamarekani wakashinda kwa pointi 4,845. Kila upande ulicheza karata zilezile kwenye vyumba viwili, kwa hiyo hapakuwa na kisingizio cha bahati.

Kilichowaumiza Waingereza si udhaifu wa mtu mmojammoja. Waliumizwa na ukimya kati ya wenza. Kila mmoja wao alitangaza lake, hakuna aliyemuuliza mwenzake.

JACOBY ANYANYUKA

Ndipo likaja lile pambano la New York. Mwaka 1931 wataalamu wa zamani waliona Culbertson anawamaliza sokoni. Wakaungana, wakatoa mfumo wao na kuuita rasmi. Culbertson akajibu kwa kumpa changamoto Lenz, jina kubwa miongoni mwao, bingwa wa siku nyingi na fundi wa mazingaombwe ya karata.

Mwanzoni Lenz na Jacoby waliongoza. Mashabiki wao wakaanza kushangilia mapema. Culbertson hakutetereka, ila alitumia kila mbinu ya nje ya uwanja. Alichelewa kufika. Alifikiri muda mrefu mpaka watu wanapiga miayo. Aliagiza chakula na kula palepale mezani, na Lenz akalalamika kuwa karata zinashika mafuta. Mwamuzi, Luteni Alfred Gruenther wa chuo cha kijeshi cha West Point, alikuwa na kazi usiku kucha. Huyu Gruenther baadaye alikuja kuwa jenerali na kamanda mkuu wa majeshi ya NATO barani Ulaya.

Taratibu upepo ukageuka, na pambano lilipohamia Hoteli ya Waldorf-Astoria akina Culbertson walikuwa mbele.

Huku kwa Lenz mambo yalichemka ndani kwa ndani. Jacoby alikuwa na kipaji cha ajabu, na alipenda madau ya uongo, yaani kutangaza karata asizonazo ili kumchanganya adui. Shida ya dau la uongo ni kwamba mwenzako naye analisikia. Lenz akawa haamini tena anachoambiwa. Alimsema Jacoby mbele za watu. Baada ya raba ya 103 Jacoby akanyanyuka na kujitoa. Nafasi yake ikachukuliwa na Winfield Liggett, ofisa wa jeshi la majini.

Fikiria timu inayomaliza fainali bila mshambuliaji wake kwa sababu amegombana na nahodha uwanjani. Ndicho kilichotokea.

Culbertson naye alibadilisha wenza. Jo alipopumzika walikuja Lightner na wengine, lakini wote waliongea lugha ileile. Ukimtoa mmoja na kumweka mwingine, swali lilibaki na jibu lake. Januari 8, 1932, kipenga cha mwisho kikalia. Culbertson alishinda kwa pointi 8,980. Kwa raba 150 hiyo si tofauti ya kutisha, lakini ilitosha kumpa ufalme.

Kuanzia hapo jamaa akawa kila mahali. Magazeti, redio, filamu fupi, vitabu, shule za walimu wake. Mwaka 1933 alirudi London na kushinda tena, safari hii ndani ya duka kubwa la Selfridges mbele ya umati. Alivaa vizuri, alivuta sigara za bei mbaya, alitumia pesa kama maji.

BUDAPEST NA NYUMBANI

Wafalme wa michezo wana kawaida ya kuanguka ugenini. Mwaka 1937 Culbertson alikwenda Budapest, Hungaria, kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia. Alikuwa na Jo, Helen Sobel na Charles Vogelhofer. Wakapigwa na Austria, timu ya kiongozi Paul Stern iliyokuwa na mfumo wake mpya wa mnada. Watu walewale aliowafundisha kwamba mnada ni mazungumzo walikuwa wamejifunza kuzungumza vizuri zaidi yake. Mwaka uliofuata Wanazi waliingia Austria, timu ile ikasambaratika, na Stern akakimbilia London.

Mwaka huohuo wa 1938, Ely na Jo waliachana.

Habari hiyo iliwagonga watu kuliko kipigo cha Budapest. Hawa ndio waliokuwa mfano wa wanandoa wanaoelewana. Lakini waliomfahamu Ely kwa karibu walijua alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Alikuwa na amri nyingi, mipango mikubwa na matumizi makubwa zaidi. Mezani alimuuliza Jo na akasubiri jibu, kwa sababu kanuni ilimlazimisha. Nje ya meza alikuwa mtu wa kupanda dau. Alitaja aina yake, akaongeza, akaongeza tena, na mwenzake akabaki na ruhusa ya kunyamaza tu.

Wana watoto wawili, wana biashara moja, na hata baada ya talaka Jo hakuukimbia mchezo wala jina. Aliendelea kufundisha na kuandika.

DAU LA MWISHO

Ely yeye akaiacha briji karibu kabisa. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha maisha yake. Vita vya pili vya dunia vilimrudisha kwenye ndoto za ujana. Akaandika mpango wa kuunganisha mataifa yote chini ya shirikisho moja lenye jeshi la pamoja, kila nchi na fungu lake la askari, ili asitokee mbabe wa kuanzisha vita tena. Akaupigia debe miaka mingi, akatumia pesa zake, akakutana na wabunge mjini Washington. Baadhi walimsikiliza kwa heshima. Wengi walimwona mcheza karata aliyepotea njia.

Mpango haukupita. Alikuwa ametangaza mkataba mkubwa kuliko mapigo aliyokuwa nayo mkononi, yeye mwenye kanuni ya mbili na tatu.

Kwenye briji nako kiti chake kilichukuliwa. Yeye alihesabu nguvu ya mkono kwa mapigo ya karata kubwa: ree pigo moja, ree na mfalme wa aina moja mapigo mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mwanasheria wa Philadelphia, Charles Goren, akaeneza hesabu rahisi ya pointi: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Hata mtoto angeweza. Mashabiki wakahama kundi kwa kundi, kama wanavyohama timu inapouza nyota wake.

Lakini hesabu ilibadilika, swali halikubadilika. Hadi leo, iwe kwenye klabu au kwenye mashindano ya dunia, mpinzani akifungua kopa moja, mchezaji anayefuata anakaa na karata zake 13 na kujiuliza lilelile: nina aina yangu ya kutangaza, au nimuulize mwenzangu?

Ely Culbertson alifariki Desemba 27, 1955, mjini Brattleboro, jimbo la Vermont, akiwa na miaka 64. Jo hakukaa sana. Machi 1956, kabla miezi mitatu haijaisha, naye akafariki.

Mwaka 1964 briji ya Marekani ilipofungua ukumbi wa magwiji wake, majina matatu ya kwanza yalikuwa Vanderbilt aliyeuanzisha mchezo, Goren aliyeurahisisha, na Culbertson aliyeutangaza. Josephine aliingizwa mwaka 1996, miaka 32 baada ya mumewe na miaka 40 baada ya kufa kwake.

Alikuwa amekaa mbele ya Ely siku zote hizo, akijibu kila dabo.